Mtu Aliyepona Mara Thelathini na Nne

Nchi yetu ina jina refu na zuri, lakini sheria inakataza kulitaja mtu akiwa amekaa, nami naandika nimekaa kwa sababu ya magoti. Mnisamehe. Inatosha kusema kwamba ni nchi isiyo na mlevi hata mmoja.

Zamani walikuwepo, tena wengi. Kisha Mheshimiwa Waziri wa Ibada na Mwenendo Mwema alisimama bungeni akatangaza kwamba ulevi umekwisha. Wabunge walipiga meza dakika tatu nzima, tangazo likachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na jambo likawa limekwisha kweli. Kiwanda cha bia cha taifa kiliendelea kufanya kazi zamu tatu kwa siku, lakini tulielezwa kwamba bia ile si ya kunywa. Ni ya kuonyesha uwezo wetu. Wale waliozidi kuanguka mitaroni waliitwa Wanaosubiri Kupona. Hospitali zikaamriwa zisiwaguse, maana mtu hawezi kutibiwa ugonjwa ambao haupo, wakakabidhiwa nyumba za dini, ambako mambo yasiyoonekana yamezoeleka.

Mwanangu Tumsifu alikuwa mmoja wa Wanaosubiri.

Alikuwa fundi cherehani, na mkono wake ulikuwa mzuri hadi maharusi walimfuata kutoka wilaya ya pili. Watu huniuliza alianza kunywa kwa nini, kana kwamba sababu ni kitu unachoweza kukirudisha dukani ulikokinunua. Alikunywa. Mwisho mikono ikatetemeka hata kutunga uzi kwenye sindano hawezi. Nilikuwa namtungia mimi, sindano kumi kila asubuhi, nazichomeka kwenye mto wake mdogo, halafu nakwenda kazini. Kazi yangu ilikuwa stoo ya hospitali. Nina diploma ya ugavi na sina muda wa kulia.

Nilimpeleka Nyumba ya Kuamka, kwa Baba Askofu Zefania Kilimba.

Sasa lazima niseme jambo ambalo linaharibu kejeli: nyumba ile ilimponya. Waliamshwa saa kumi na moja alfajiri, wakasali, wakashika jembe, wakala, wakasali tena. Siku za mwanzo, Tumsifu alipokuwa anatetemeka na kuona wadudu ukutani, Askofu alikaa naye kwenye ngazi ya jiko wakamenya viazi pamoja, hana joho wala hotuba, kisu tu na karai. Mpishi wa pale, Dada Apaisaria, alimpa mashuka yaliyochanika ayashone. Mwezi wa sita nilipokwenda kumtazama alichukua sindano mbele yangu, akalamba ncha ya uzi, akaupitisha mara moja. Niliitazama ile sindano kuliko nilivyowahi kuitazama diploma yangu.

Jumapili iliyofuata akasimama kanisani akatoa ushuhuda. Alisema kweli yote: mtaro, mke aliyeondoka, sindano kumi. Watu walilia. Mambo yangeishia hapo, kama nchi yetu isingekuwa na maendeleo.

*

Maendeleo yalikuja na pikipiki. Aliyeyaleta ni Bi Stamili, Ofisa Mwenendo wa Wilaya, mama mnadhifu mwenye mihuri minne kwenye mkoba wake.

"Nimekuja kuhesabu waliopona," akasema. "Huyu kapona lini?"

"Jumapili iliyopita!" Askofu akajibu, kifua mbele.

"Namwandika Aliyepona Namba Moja. Jumapili hii atapona nani?"

"Mheshimiwa, kupona ni kazi ya muda. Huyu ametuchukua miezi sita."

Bi Stamili alimtazama kwa huruma. "Baba Askofu, wilaya jirani wanapona mmoja kila wiki. Kwani wenzenu wanamwomba Mungu mwingine?"

Akamwachia Waraka Namba Saba, uliosema kwamba kila nyumba itatoa Mtu Aliyepona kila Jumapili, na nyumba itakayoshindwa itafungwa kwa kukosa imani. Nyumba ilikuwa na watu kumi na wawili. Wengine hawakuweza hata kushika kijiko. Askofu alifunga siku tatu, akaomba, na jibu alilopata ni kwamba Tumsifu anaongea vizuri.

Basi Jumapili ile Tumsifu akapona tena. Na ile iliyofuata.

Walimtengenezea gunia la nguo za dhambi: suruali iliyochanika magoti, shati lisilo na vifungo. Tatizo ni kwamba fundi hawezi kuvaa kitu kilichochanika. Katikati ya wiki mkono ulikuwa unamwasha, anashona magoti, anatia vifungo. Kila Jumamosi Dada Apaisaria anampa wembe afumue. Wiki nzima anashona, Jumamosi anafumua, Jumapili anapona.

Waumini hawakushtuka. Walimwona akiingia anapepesuka, akianguka palepale penye zulia, akiinuka palepale. Walipenda. Wengine walianza kuwahi viti vya mbele, na akiruka kipande cha mtaro walimkumbusha: "Mtaro, kaka! Hujasema mtaro!"

Jina hakuna aliyeuliza. Bi Stamili aliandika namba tu. Aliyepona Namba Tisa. Namba Ishirini na Moja. Ilipofika thelathini na nne wilaya yetu ikapewa ngao, na Waziri akatia sahihi takwimu kwa mkono wake mwenyewe. Redioni walisema tumewapita majirani.

*

Mimi nilikwenda kumwomba Askofu anirudishie mwanangu. Miezi kumi na minne ilitosha. Cherehani ilikuwa imeanza kushika kutu.

"Mama Tumsifu," akaniambia, akijifuta uso, "nakuelewa kabisa. Lakini nimruhusu yupi? Nikimtoa Namba Moja, Namba Thelathini na Nne anabaki ndani. Nikimtoa Thelathini na Nne, wale wengine wamekwenda wapi?"

"Baba, ni mtu mmoja. Amekaa pale anamenya viazi."

"Kiroho ni mmoja," akasema Askofu. "Kiserikali ni umati."

Kutoroka ndiyo usiseme. Aliyeondoka bila karatasi aliitwa Mtoro wa Neema, alikamatwa na kurudishwa aanze upya kupona, kuanzia siku ya kwanza. Na sheria ilitaka mtu wa siku ya kwanza apimwe kwanza kama amelewa. Akikutwa hajalewa, polisi walikuwa na wajibu wa kumsaidia alewe, ili karatasi zisigongane.

Kisha, Jumatano moja, Tumsifu mwenyewe akanipa barua aliyokuwa ameikunja mara nyingi hadi ikawa ndogo kama kitufe.

Ilitoka Wizarani. Jumamosi ile ingefanyika Sherehe ya Kitaifa ya Kuamka, katika uwanja wa Nyumba. Kwa kuwa Mheshimiwa Waziri hajapata kumwona mlevi, maana yeye mwenyewe alitangaza kwamba hawapo, shahidi atakunywa chupa mbili jukwaani mbele yake. Kisha ataombewa kwa dakika nne. Kisha atapona, kabla ya wimbo wa taifa. Dakika nne zilitokana na ratiba ya ndege ya Mheshimiwa. Bia imetolewa kwa moyo wa upendo na kiwanda cha taifa, mdhamini mkuu wa sherehe.

"Umemwambia Askofu kwamba hutaki?"

"Nimemwambia. Analia. Anasema akikataa watafunga Nyumba, na wale kumi na mmoja watarudi mtaroni." Alikuwa anaongea taratibu, akitazama mikono yake. "Mama, si chupa mbili. Mimi najijua. Ni kifuniko tu. Nikilamba kifuniko, kesho yake hunioni."

Nikitaka kulia huwa nahesabu vitu, na pale nilihesabu: geti moja la mbele, lenye mlinzi. Mlango mmoja wa nyuma, wa jikoni. Ua wa michongoma kuzunguka, na kijia kando yake. Hapo nikakumbuka blanketi.

Miaka mingi nyuma wakaguzi walikuja stoo kuhesabu blanketi kumi na mbili, na kwenye rafu lilikuwepo moja. Mkuu wangu wa wakati ule hakupepesa macho. Blanketi lilihesabiwa mlangoni, likakunjwa, likatoka dirishani, likazunguka, likaingia mlangoni tena. Mara kumi na mbili. Wakaguzi walisifu usafi wake.

"Dada Apaisaria yuko upande wetu?" nikamuuliza.

"Ndiye aliyeniambia nikupe barua."

"Mwambie Ijumaa mlango wa jikoni usifungwe. Na atafute mashati."

*

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha upishi wa misiba. Mtaani kwetu mtu akifariki tunafika na masufuria kabla ya jeneza. Wakristo tupo, Waislamu tupo. Njaa ya wafiwa haina dhehebu. Nikawaeleza wenzangu. Nilihitaji akina mama thelathini na watatu, wa thelathini na nne ni mimi.

Mama Eliapenda, ambaye hajui kungoja zamu, akasema: "Vijana wa pombe tumewapikia wangapi, jamani? Hii ni mara ya kwanza tunaitwa kumchukua mmoja akiwa anatembea. Mimi nakwenda. Na sufuria nabeba, sijui kutoka bila sufuria."

Ijumaa saa tatu asubuhi tulikuwa getini. Bi Stamili alikuwepo tayari, anakagua jukwaa. Askofu alipotuona akashika msalaba wake kifuani.

"Tumekuja kuchukua watoto wetu," nikasema, na nikasoma kwa sauti Waraka Namba Saba, kifungu cha kumi na moja, ambacho nadhani hata aliyekiandika hakuwahi kukisoma: *Aliyepona akiombwa na mama yake mzazi, atakabidhiwa papo hapo mbele ya Ofisa.* "Mmeponya thelathini na nne. Akina mama hawa hapa, thelathini na nne."

Askofu akanivuta pembeni. "Mama Tumsifu, unajua kabisa ni mmoja!"

"Mimi najua, Baba. Mwambie Bi Stamili basi, aliyewaandika. Naye amwambie Waziri, aliyetia sahihi."

Bi Stamili alikuwa amesikia. Alitutazama sisi, akatazama jukwaa, akafungua mkoba, akatoa muhuri na fomu, akakaa kwenye meza iliyoandaliwa kwa ajili ya keki ya Waziri.

"Niliwaandika mimi mwenyewe," akasema. "Watoke. Kila mama ajaze jina la mwanawe."

"Namba Moja!" mlinzi akaita.

Tumsifu akatoka na shati la bluu. Mama Eliapenda akamkumbatia, fomu ikagongwa muhuri, wakaondoka wote wawili hadi kona ya michongoma. Yeye akabaki kivulini. Tumsifu akafuata kijia, akaingia jikoni, akavaa shati la kijani.

"Namba Mbili!"

"Mbona wangu amekonda hivi?" mama wa pili akalalamika. "Mlikuwa mnamlisha nini, maombi matupu?"

"Wangu alikuwa mrefu zaidi," akasema wa tano.

"Chukua huyohuyo, shoga, wasije wakabadili mawazo!"

Kufika wa kumi Tumsifu alikuwa anahema na jasho linamtiririka. Bi Stamili aliinua kichwa. "Huyu mbona kama amepita?"

"Waliopona hufanana, mheshimiwa," akajibu Dada Apaisaria kutoka mlangoni. "Ni ile nuru."

"Sheria hainitumi kutazama nyuso," akasema Bi Stamili, akashusha muhuri. "Inanituma kutazama sahihi."

Namba Kumi na Saba ilikuwa ya Bi Salha. Kwenye fomu, pale penye jina la mtoto, aliandika Hamdani. Sote tulimjua Hamdani. Mwaka juzi tulipika pilau ya msiba wake. Alikutwa nyuma ya kilabu cha pombe, asubuhi, mvua imemnyeshea. Tumsifu akatoka na shati jeupe. Bi Salha hakumkumbatia kwanza. Alimshika taya akamnusa mdomo, kama tufanyavyo sisi wote wenye watoto wa namna hii, hata tukiwa nusu usingizini. Akanusa tena. Halafu ndipo akamkumbatia.

"Namba Kumi na Nane!" mlinzi akaita.

Hakutoka mtu. Atatoka nani, naye yuko mikononi mwa Bi Salha?

"Namba Kumi na Nane!"

Bi Stamili alitazama saa yake. Kisha akatazama mawingu, ambayo hayakuwepo. "Tuseme tuna mapumziko mafupi," akasema, na kwa dakika kadhaa akajishughulisha kusafisha muhuri uliokuwa safi.

*

Saa sita mchana ikapita, wamebaki wawili. Saa saba kasoro, akabaki mmoja. Nikasogea mezani na fomu yangu.

"Huyu wa mwisho hapana," akasema Askofu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nakuomba, mama. Kesho Waziri anakuja. Nitampa nani?"

"Wa mwisho ameombwa na Wizara," akasema Bi Stamili bila kuinua macho. "Barua ya Wizara inazidi kifungu cha kumi na moja."

Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Diploma ina mwisho wake. Tumsifu alikuwa amesimama ndani ya geti, shati limemganda mgongoni, mbele yake makreti ya bia ya kesho yamepangwa vizuri kando ya jukwaa. Nilimwona anayatazama. Nilimwona anajilazimisha kutazama pengine, na macho yanarudi.

Nikageuka kwa wenzangu. "Tukae," nikasema.

Mama Eliapenda hakuuliza. Akashusha sufuria, akapanga mafiga matatu mbele ya geti la Nyumba ya Kuamka, akawasha moto. Mwingine akawasha wa pili. Bi Salha akatandika khanga chini akaanza kuchambua mchele. Tukajifunga khanga viunoni, tukatulia vile tunavyojua sisi kutulia.

Nchi nzima inajua maana ya wanawake wenye masufuria makubwa getini kwa mtu. Muuza maji alisimama, akavua kofia. Mwendesha bodaboda akazima injini. Ndani ya nusu saa watu walikuwa wanakuja na mikeka, wanapeana mikono na Askofu, wanamwambia pole, Baba, kazi ya Mungu. Mzee mmoja akauliza kaburi linachimbwa wapi, ana jembe.

Askofu alitujia mbio, joho limekunjwa mkononi. "Jamani! Hapa kesho ni sherehe! Waziri atakuta msiba? Nani amekufa? Mama Tumsifu, nani amekufa hapa?"

"Bado," nikasema. "Ni kesho. Sisi tumewahi tu."

Askofu alitazama makreti, akamtazama Tumsifu nyuma ya geti. Nadhani aliona viazi, na karai, na zile siku za wadudu ukutani. Akakaa chini kwenye mkeka wa wafiwa, yeye mwenyewe, na joho lake.

"Bi Stamili," akasema, "mgongee muhuri mama huyu. Wakitaka kufunga Nyumba, waniite mimi."

Bi Stamili akagonga. Kisha akasema, kwa sauti ya ofisi: "Nitaripoti kwamba wilaya imepona yote kwa asilimia mia, na hakuna shahidi aliyebaki. Nyumba iliyofikia asilimia mia haifungwi. Inapewa ngao ya pili." Alipokuwa anafunga mkoba akaniuliza polepole: "Mama Tumsifu, kikundi chenu kinapokea wanachama? Nina mdogo wangu, naye anasubiri kupona."

Tumsifu akatoka getini mara ya thelathini na nne. Nikamnusa mdomo. Viazi na jasho.

*

Sherehe ilifanyika bila mlevi, na redio ilisema ilifana. Chupa mbili ziliwekwa mezani peke yake, zikaombewa dakika nne. Wimbo wa taifa ulipokwisha zilikutwa tupu. Mheshimiwa Waziri alihutubia saa mbili na nusu, akawakumbatia walinzi wake mmojammoja, ndege ikamwacha. Nyumba ya Kuamka haikufungwa. Sasa ni mfano wa kuigwa, na Askofu amerudi kumenya viazi na wale kumi na mmoja. Wawili wameanza kushika kijiko.

Wizara imeniandikia barua ya kunipongeza kwa kupona kwa mwanangu wa thelathini na nne, na kuuliza wale wengine ninawaleaje.

Tumsifu yuko barazani na cherehani yake. Sindano anatunga mwenyewe. Kuna siku anatunga mara moja, kuna siku anakosa mara mbili, tatu, nami huko ndani nasimama na mwiko mkononi hadi nisikie cherehani inaanza.

Juzi Bi Salha alikuja kunywa chai. Alikuwa na ile fomu yake, ameitia kwenye fremu ya kioo. *Hamdani. Amepona. Amekabidhiwa kwa mama yake mzazi.* Sahihi ipo, muhuri upo.

"Ni karatasi ya serikali," akaniambia. "Soma mwenyewe."

Nimekaa stoo miaka ishirini na miwili. Karatasi ikisema kitu kipo na rafu iko tupu, kuna neno moja tu la kuandika pembeni, *Hakipo*, na kalamu nilikuwa nayo.

Nilisoma kwa sauti, mpaka mwisho, nikamuongezea chai.